Wageni wa Dalali
Mwenye nyumba alipoanza kupaka rangi ukuta uliobanduka miaka yote, mama dobi alijua chumba chake kinatafutiwa mpangaji mwingine. Kodi mtaani ilikuwa inapanda kila kukicha. Jioni dalali akaja na mke na mume, vijana wabichi.

“Shemeji, hawa wageni wangu tu, wamepita kukusalimia.”

“Wageni gani wanasalimia dari?” Akamgeukia yule mke. “Mwanangu, mvua ikinyesha humu tunalala na ndoo.”

“Hata tulikotoka, mama. Nako kodi imetushinda, tumetolewa.” Machozi yakamlenga.

Mama dobi hakuyaamini. Mume wake mwenyewe naye aliwahi kulia hivyo hivyo, baada ya kuuza kiwanja chao kwa siri. Akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango, akaanza kufua.