Kura ya Reuben Tuckett

Reuben Tuckett alizaliwa mpangaji, kama baba yake na babu yake. Shamba la Withy End, ngano upande huu na malisho upande ule, halikuwa lao hata siku moja. Lilikuwa la akina Averell wa Lydcote, ukoo ambao kila kizazi ulitoa mbunge mmoja na maofisa wa jeshi wawili watatu, na jimbo zima likatakiwa kushukuru kwa kuzaliwa kwao. Akina Tuckett wao walitoa jasho na kodi, na siku ya uchaguzi wakatoa kura.

Tena tuseme ukweli, hata hiyo kura haikuwa yao. Miaka ile hakuna aliyepiga kura kwa siri. Ulipanda jukwaani mjini Marbrook mbele ya umati, karani akakuuliza unamchagua nani, nawe ukataja jina kwa sauti. Bwana Gaskin, msimamizi wa mashamba ya akina Averell, alisimama palepale na daftari lake. Ukikosea jina, ikifika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwezi wa tisa, unapakia vyombo vyako kwenye mkokoteni na kutafuta pa kwenda.

Mara nne Reuben alipanda jukwaa lile na kutaja Averell bila kuumwa popote. Ya tano, masika ya mwaka 1857, ndiyo iliyomwia ngumu. Mgombea alikuwa Kanali Lionel Averell, mtoto wa pili wa bwana mkubwa, aliyerudi kutoka vita vya Krimea na nishani kifuani.

Kanali huyo ndiye aliyemchukua Jesse, mwana wa Reuben. Alikuja kwenye karamu ya mavuno, akapanda juu ya benchi na kikombe cha pombe ya tufaha mkononi, akasema anataka vijana wa nyumbani kikosini kwake. "Mimi siongozi watu nisiowajua," alisema, na watu wakapiga meza. Jesse alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee, mwepesi wa kucheka. Kesho yake aliaga.

Baridi ilipowakuta mbele ya mji wa Sevastopol, huko Krimea, Kanali aliomba ruhusa ya kwenda kushughulikia mambo ya kifamilia. Akapewa, na Krismasi akaila Lydcote. Jesse alibaki handakini, akafa mwezi wa pili kwa kuhara damu, viatu vikiwa vimeozea miguuni. Hayo yaliandikwa na mwenzake katika barua. Keziah, mke wa Reuben na mama yake Jesse, hakujua kusoma. Alimwomba kasisi aisome mara tatu, na tangu hapo akawa nayo kichwani neno kwa neno. Kutoka Lydcote, maili mbili tu kwa mguu, haikuja hata salamu ya pole.

Asubuhi ya kura, Reuben alitafuta utepe wa buluu ambao kila mpangaji wa Averell alitakiwa kuvaa kifuani.

"Mama, utepe umeuweka wapi?"

"Anayeutaka uvaliwe aje aushone mwenyewe." Keziah alikuwa kwenye kiti karibu na moto. Kifua kilimsumbua tangu majira ya baridi, na kila maneno machache alikohoa.

"Usinianze asubuhi yote hii."

"Baba, tangu unioe nimekuomba nini? Gauni? Nimekuomba unipeleke mjini? Leo nakuomba. Usilitaje jina lile. Mtaje mpinzani wake, yule Ogle muuza nafaka, mtaje Shetani mwenyewe ukipenda. Mdomo uliokuwa ukimwita Jesse aje kula, usimwite yule."

"Na tukitimuliwa? Mvua za Oktoba zikukute wapi, na kifua hicho?"

"Zitanikuta ulipo wewe. Sijawahi kulala kwingine."

Reuben alipopanda gari la farasi pamoja na wapangaji wenzake, utepe ukiwa mfukoni bila kushonwa, moyo wake ulikuwa umeshaamua. Angemtaja Ogle, na litakalokuwa na liwe.

Marbrook waliwapokea kama kawaida. "Haya, kondoo wa Averell hao! Mee! Mee!" mtu alipiga kelele kutoka dirisha la baa. "Mmeshakatwa manyoya, au mnangoja jioni?"  Reuben alipanga foleni na wenzake, akapanda ngazi.

"Jina?" karani aliuliza.

"Reuben Tuckett, wa Withy End."

"Unamchagua nani?"

Hapo ndipo akilini mwake alipomwona Keziah juu ya mkokoteni, katikati ya magodoro, akikohoa mvuani, na yeye Reuben akibisha milango ya watu kuomba banda la kulala. Alimwona hivyo waziwazi, na uamuzi wake ukayeyuka.

"Kanali Averell," alisema.

"Paza sauti, mzee. Wakusikie."

Akalitaja tena, kwa sauti.

Ilikuwa desturi ya mgombea kumpa mkono kila aliyemchagua, na kumwambia neno moja la nyumbani kwake, mtu ajione anajulikana. Neno lenyewe alinong'onezwa na msimamizi. Reuben alikuwa karibu, akasikia mnong'ono wa Gaskin: "Tuckett, Withy End. Ana kijana kikosini." Daftari liliandikwa mwaka ule vijana walipoondoka, na hakuna aliyejisumbua kulipitia tena.

Uso wa Kanali ulichangamka. Haukuwa na dharau wala hila, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Tuckett wa Withy End! Na kijana wetu je? Bado yuko nasi?"

Reuben alijibu, "Yuko hukohuko, Kanali."

"Safi sana! Mwambie namkumbuka. Siku si nyingi tutamwona na cheo begani."

"Mnamsikia?" mtu alisema nyuma. "Huyu hamsahau mtu hata mmoja!" Na kofia zikarushwa juu.

Wenzake walikwenda kunywa bia ya bure. Reuben alirudi kwa miguu, maili saba, utepe mfukoni. Keziah alikuwa palepale kwenye kiti.

"Umelitaja?"

"Nimelitaja. Mara mbili."

Keziah akaugeuzia uso wake ukutani. Kisha akauliza bila kugeuka, "Alikupa mkono?"

"Alinipa."

"Na hakusema lolote juu ya mwanangu?"

Reuben aliutazama mgongo wa mkewe, jinsi ulivyokonda. Ukweli alikuwa ameubeba maili saba; hakuweza kumtwisha.

"Alimtaja kwa jina," alisema. "Alisema Jesse alikuwa askari hodari. Kwamba inamuuma mpaka leo kumwacha kule. Alivua kofia, Mama. Mbele ya watu wote."

Keziah akageuka. Alilia kilio ambacho hakuwa amekilia miaka yote miwili, mikono yote imemshika mumewe koti.

"Kumbe alimjua," alisema. "Mwanangu hakufa kama mbwa asiye na mwenyewe. Na mimi nilivyomlaani mtu wa watu! Mungu anisamehe."

Shamba lilibaki mikononi mwao. Kifua cha Keziah kilimvumilia miaka sita zaidi, na katika miaka hiyo alikuwa na amani ambayo majirani waliisema. Kila adhuhuri, kabla Reuben hajakata mkate, alifumba macho, akashukuru kwa chakula, kisha akamwomba Mungu amlinde Kanali Averell, ampe maisha marefu, kwa kuwa alimkumbuka Jesse. Halafu alingoja, macho bado yamefumbwa, mpaka mumewe aitikie amina. Na Reuben aliitikia.