Chatu Niliyemsikia Mwaya

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Mwaya, wakati wa Mdachi, nilipewa ndoo. Nilikuwa nimetoka Ngana kwa miguu, nimesoma madarasa machache ya misheni, na njiani kote nilijiona tayari mganga mkuu. Msimamizi wa wauguzi, mtu mzima wa pwani, alinitazama kuanzia miguuni.

"Hapa hatua ni tatu, bwana mdogo. Kwanza vidonda. Ukiviweza, dawa. Ukiziweza dawa, Bwana Daktari atakupeleka ndani."

"Ndani ya chumba gani?"

"Ndani ya watu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka mzima nilichemsha bandeji na kuosha vidonda. Wa pili nilipima kwinini kwa mizani ndogo, nikikaa mbele ya mgonjwa mpaka ameze, maana wengi waliitema kwa uchungu wake. Wa tatu, msaidizi wa magonjwa ya ndani alikufa kwa homa ya mkojo mweusi, nami nikarithi bomba lake la kusikilizia: kipande cha mti mweusi chenye tundu, huku mwilini, huku sikioni. Upande wa sikio ulikuwa umelika kwa umbo la sikio lake. Langu lilitoshea sawasawa. Sikulipenda jambo hilo.

Bwana Daktari alinifundisha moyo na mapafu kwa agizo moja: "Sema ulichosikia, usiseme unachofikiri." Tumbo tulikuwa hatujalifikia.

Asubuhi moja wadudu wadogo wanaozaliwa katika ziwa lililo jirani walipanda kama moshi, wakafunika madirisha, wodi ikawa na giza la kijivu. Ndipo alipoletwa Sekela, mjane mfinyanzi, ana homa na tumbo linamuuma. Aliyemleta alikuwa shemeji yake wa boma moja, aliyezika watoto wake wawili mfululizo.

"Msikilize tumbo," aliniambia.

Nilimwelewa. Kwetu watu waliamini mchawi hubeba chatu tumboni, na chatu huyo ndiye anayewala wengine kwa ndani. Hata mimi niliamini, na kanzu yangu nyeupe.

Nikaweka bomba. Kitu kiligeuka, kikateleza, kikaguna, kisha kikatulia ghafla, kana kwamba nacho kimenisikia.

"Umesikia nini?"

Nilisema nilichosikia. "Kuna kitu kinatembea."

Shemeji akatoka. Sekela alinishika mkono, akasema polepole, "Mwanangu, umenifukuza nyumbani."

Nilikimbilia kwa Bwana Daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua vifungo vya shati lake, akanielekeza niinamie tumbo lake. Chatu yule yule alikuwamo, ndani ya Mdachi, anateleza.

"Ni chakula na upepo," alisema. "Tumbo linalosema ni zima. Lililonyamaza ndilo la kuogopa."

Nilipofika kwa shemeji, vyungu vya Sekela vilikuwa vimeshatolewa nje, vimepangwa njiani.

"Ndaga, baba," nilimsalimu mbele ya watu. "Nimekosea."

"Mdachi amekutuma."

"Sikiliza mwenyewe tumbo langu," nikasema, nikampa bomba.

Alipiga magoti, akatega sikio. Akaniangalia kwa hofu. "Na wewe?" Akamsikiliza mkewe. Akamsikiliza mama yake mzazi. Kila mara alichelewa kuinua kichwa. Mwishoni alinirudishia bomba, akapandisha nguo yake. Nikaliweka tumboni pake.

"Yumo," nikamwambia.

Alikaa chini. "Basi nani aliwala wanangu?"

Mama yake ndiye aliyeinama kwanza, akachukua chungu kimoja, akakirudisha ndani. Wengine wakafuata. Sekela alipopona, alirudi nyumbani kwake.

Ninyi mnaosomea magonjwa ya ndani leo mna mipira ya kusikilizia masikioni na majina ya kila homa. Mimi nimeshastaafu, na swali la yule baba bado hunijia nikiwa nimekaa tu, hasa wadudu wa ziwani wanapopanda. Bomba ninalo. Upande wa sikio siku hizi una umbo la sikio langu.

Kila asubuhi mke wangu huliweka bomba hilo tumboni pangu.

"Yumo?"

"Yumo, baba. Anataka ndizi."

Tunacheka. Lakini nimemwomba kwamba siku chatu akinyamaza aniambie alichosikia, asiniambie anachofikiri.