Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Nimerudi Gaithersburg, hapa Marekani, kutoka Uhispania, wiki ya tatu sasa, na kuna jambo bado limenikwama kooni. Ngoja nikusimulie wewe, maana tumejuana siku nyingi. Binti yangu alipomaliza chuo kule Fairfax alikataa katakata sherehe ya ukumbini, ile ya pilau na hotuba za wazee wa kanisa. Alitaka tusafiri, mimi na yeye tu. Hoteli akaichagua mwenyewe kwenye simu, na hakuniambia kwamba kwa karne nyingi ilikuwa monasteri ya masista, mpaka wakapungua na nyumba ikauzwa.

Tulifika mchana wa jua kali, lakini ndani kuta zilikuwa nene na ubaridi ulikuwa kama wa chumba cha kuwekea maziwa. Vyumba vya masista vimekuwa vyumba vya wageni, kila kimoja na beseni lake la kuogea. Kanisani watu wanakula chakula cha jioni. Sikunung'unika, kusema kweli. Nilikuwa nimetoka kwenye zamu nne mfululizo za kuwageuza wagonjwa vitandani, na nilichotaka ni kulala. Kisha karibu na meza ya mapokezi nikaona kabati la mbao lililochongwa mviringo kama pipa na kupachikwa ukutani, linalozunguka. Walikuwa wamelijaza ramani za watalii. Binti yangu akaweka kofia yake ndani akalisukuma.

"Mom, it spins," akasema. "Ni ya nini?"

Nilijua ni ya nini. Nikajisikia nikisema kwa sauti, "Tumsifu Yesu Kristo," na nikasimama pale nikingoja jibu. Mama wa mapokezi akanitazama kwa adabu. Hakuna aliyejibu. Basi nikakaa kwenye kiti cha wageni nikalia, na binti yangu, ambaye hajazoea kuniona hivyo, akakimbia kutafuta maji.

Mimi nililelewa na nyanya, mama yake baba, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Asubuhi zetu zilikuwa za ukungu, moshi wa kuni mbichi na ng'ombe wakidai kukamuliwa. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na monasteri ya masista wasiotoka nje wala kuonwa na mtu. Shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, aliingia humo akiwa msichana. Nyanya alikuwa Mkristo wa kweli, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, lakini kumtoa binti yake awekwe nyuma ya ukuta kulimshinda. Siku ya kuagana walikorofishana, na nyanya akamwambia asimtafute tena. Shangazi akatii. Nyanya naye akaapa kwamba hatakanyaga huko.

Hata hivyo, kila asubuhi alijaza kibuyu maziwa ya ng'ombe wake bora, akanikabidhi. "Wapelekee wale watu," alisema. Jina la binti yake halikumtoka mdomoni.

Nilivuka kijito na kupanda mpaka kwenye mlango mdogo ambako njia iliishia. Ndani ya ukuta kulikuwa na kabati la kuzunguka, kama hilo la hotelini. Nilisema, "Tumsifu Yesu Kristo," na sauti ya mwanamke ikajibu kutoka upande wa pili, "Milele na milele, amina." Niliweka kibuyu, mbao zikalia zikizunguka, na kibuyu cha jana kikanijia kitupu. Sikuwahi kuona uso wala hata kidole.

Nyumbani nyanya alifungua kifuniko akanusa. Kama umekulia kwenye mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, unajua kwamba kibuyu hakioshwi tu. Unachoma ncha ya kijiti, unaisaga ndani ingali moto mpaka mkaa ushike pande zote, kisha unapiga brashi, ili maziwa yapate ile harufu ya moshi. Kila mama ana mti wake na mkono wake. Kibuyu kilichorudi kutoka monasteri kilikuwa kimetiwa mkaa kwa mkono wa nyanya hasa, ambao alimfundisha msichana mmoja tu duniani. Alinusa, akafumba macho kidogo, akakitundika. "Haya, nenda shule." Mimi nilidhani anakagua kama masista ni wasafi.

Shuleni sasa. Nilikuwa darasa la tatu, na mwalimu wetu wa afya alikuwa amevitangazia vita vijidudu. Kila chombo, alisema, ni maji na sabuni, la sivyo tutakufa kwa kuhara. Alimpa kila mtoto kipande cha sabuni, na hakuna aliyemwamini mwalimu yule kama mimi. Asubuhi moja, nikirudi na kibuyu kitupu, nilichungulia ndani nikaona ule weusi. Nilichutama kijitoni nikakisugua kwa mchanga na sabuni mpaka mkaa wote ukaisha. Nikakipeleka nyumbani kinanukia kama shati la Jumapili, nikingoja kusifiwa.

Nyanya akanusa. Akanusa tena. Akakaa kwenye kigoda cha kukamulia.

"Ile sauti imekujibu leo?"

"Imenijibu."

"Ni ile ile?"

Nilisema sijui. Niliona kwamba nimeharibu kitu, ingawa sikujua ni kitu gani, na woga ukanifunga mdomo. Nyanya akajifunga kitambaa chake cha kanisani, akatoka na gumboots zake za zizini, nami nyuma yake mbio.

Mlangoni alisimama muda mrefu. Halafu akasema ile salamu. Ikajibu sauti ninayoijua, lakini ikitetemeka, na baadaye kidogo ikauliza, "Mama?"

Ndipo nilipojua kwamba kila asubuhi nilikuwa nikisalimiana na shangazi yangu mwenyewe.

"Unaumwa?" nyanya akauliza.

"Hapana, mama. Niko mzima."

"Unakula?"

"Nakula."

"Hayo maziwa unakunywa, ama unawapa hao wengine?"

"Tunakunywa wote, mama. Kwani umekuja kufanya nini?"

"Nilikuwa napita tu," nyanya akasema.

Mtu hapiti pale. Mbele yake ni msitu. Nyuma ya zile mbao tulisikia mtu akicheka na kulia kwa pamoja. Nyanya aliweka kiganja chake kwenye kabati na hakukiondoa.

Tangu siku hiyo alikwenda mwenyewe kila Jumamosi, mpaka magoti yalipomkataza. Lakini siku ile ya kwanza, tukirudi, aliniambia, "Ameniita. Alijua nikinusa sabuni nitakuja." Sikumwambia kwamba sabuni ilikuwa yangu. Alikufa akiamini hivyo.

Shangazi naye ameamini lake. Siku hizi masista wanaruhusiwa simu Jumapili, na mimi humpigia kabla ya ibada, huko kwao ikiwa alasiri. Amezeeka, na karibu kila mara hunirudishia habari ile ile: mama alinisamehe mwenyewe.

Kule hotelini nilimsimulia binti yangu yote. "You have to tell her, Mom," akasema. "She deserves the truth." Niliporudi kazini nikamuuliza mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Bukavu, tukiwa tunakunja mashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Weye unataka kumupatia ukweli, dada, ao unataka kutua muzigo yako?" Nikachukua shuka jingine.

Jumapili iliyopita nikapiga simu. Nilikuwa nimejipanga, maneno yako tayari. Shangazi akaniuliza habari za safari, za mtoto, za joto la Maryland. Kisha akasema, "Unajua, mama alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemwita."

Ng'ombe wale waliuzwa. Nyanya yuko chini ya udongo. Masista wamebaki wachache, wananunua maziwa ya pakiti, na shangazi hakumbuki tena alitumia kijiti cha mti gani. Katika asubuhi zile zote amebaki na kitu kimoja.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nilikuwepo. Alikuja mwenyewe."