King'ora Kilichonyamazishwa cha La Mielosa

Mvua ilianza saa tisa kasorobo alasiri. Edelmira Úsuga aliiona kwenye skrini kabla ya kuiona dirishani, kwa sababu ofisi yao iko bondeni, na mvua ya jiji la Medellín huwaanza kwanza watu wa milimani.

Alikuwa anakula mkate wa mahindi mezani pake. Kwenye pembe ya skrini yake huweka kidirisha kidogo kisichohusiana na kazi ya kampuni. Kinaonyesha kina cha maji ya La Mielosa, korongo linalopita katikati ya mtaa wao wa mlimani. Sentimita ishirini na mbili. Akatafuna. Thelathini na nane. Akaacha kutafuna.

Kipimo kinacholeta namba hizo kutoka korongoni alikifunga yeye na wasichana anaowafundisha. Edelmira ana miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa alishona mifuko ya suruali za jinzi karakanani. Mifuko tu, suruali nzima hakuwahi kushona. Karakana ilipofungwa akaanza kutengeneza simu mbovu, kisha akajifunza kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima, mkono mmoja kwenye vitufe na mwingine kwenye mwiko wa maharage. Leo anaongoza watu kumi na wanne, na kwenye meza ya wakuu wa kampuni mwanamke ni yeye peke yake. Kila Jumamosi huwafundisha wasichana wa mtaa katika chumba kilicho juu ya duka la mikate. Kumi na mmoja wameshapata kazi. Wanamwita mama mlezi, kana kwamba yeye ndiye aliyewapakata siku ya ubatizo, na kwao mama mlezi si jina la kupambia mtu. Mtoto akiharibu, anayeulizwa ni yeye.

Maji yakifika sentimita sabini, king'ora kilicho kando ya daraja la miguu hulia chenyewe, na watu wa nyumba za ukingoni hukimbilia uwanja wa shule.

Sitini na moja. Sitini na nane. Sabini na tatu.

Edelmira akasubiri simu zianze kulia. Kwa kawaida king'ora kikilia, nusu ya mtaa humpigia kumtukana. Simu haikulia. Akasogeza macho karibu na skrini, na hapo ndipo alipoliona neno dogo la kijivu chini ya namba: KIMYA.

Aliyeliweka neno hilo ni yeye mwenyewe.

Mwezi ule king'ora kilikuwa kimelia bure mara mbili. Mara ya kwanza kwa utando wa buibui, mara ya pili kwa mfuko wa plastiki ulionasa kwenye kipimo. Watu walikimbia na watoto na magodoro, wakakuta korongo limelala. Don Wílmar, muuza nyama, alimsimamisha dukani mbele ya watu: "Doña Edelmira, hicho kidude chako hata punda akikojoa kinalia!" Wakacheka wote, naye akacheka nao, lakini lilimchoma. Basi Jumamosi, siku ya tisa ya sala za marehemu mume wa Doña Rosalba, mjane alipomshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, leo tu, kisije kikatuharibia rozari," Edelmira alitoa simu yake na kukinyamazisha pale pale.

Ubaoni kwenye chumba chao, kwa mwandiko wake mwenyewe, kuna sheria: anayenyamazisha king'ora hafanyi peke yake, wawe wawili, na majina yaandikwe. Hakumwita wa pili. Aliona haya kuwaambia wasichana kwamba maneno ya muuza nyama yamemwingia. Baada ya rozari ililetwa chokoleti ya moto, yakaja mazungumzo, akaenda kulala. Leo ilikuwa Jumatatu.

Akabonyeza kukiwasha. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka. Umeme wa kilimani ulikuwa umekatika. Kipimo kina betri yake na laini yake ya simu, na king'ora kina betri yake. Kama kisingekuwa kimenyamazishwa, kingelia bila kumngoja mtu. Lakini amri ya mbali hukifikia kwa intaneti ya mtaa, na hiyo ilikatika pamoja na umeme. Sasa kingeweza kuwashwa kwa mkono tu, kwenye kisanduku, pale darajani.

Themanini na moja.

Alimpigia Yarledis Mosquera, msichana wake wa miaka ishirini, ambaye zamu yake ya kazi huanza jioni.

"Mama mlezi! Huku mbingu imepasuka. Mbona king'ora hakilii? Kipimo kimekufa?"

"Kipimo kizima." Edelmira akasimama. "Yarledis, nisikilize. Nilikinyamazisha mimi. Jumamosi, kwa ajili ya rozari. Nikasahau."

Mvua ikasikika ikipiga mabati upande wa pili.

"Na nani?" Yarledis akauliza.

"Peke yangu."

"Ai, mama mlezi." Hakupaza sauti, na hilo likauma kuliko matusi. "Maji yamefika ngapi?"

"Themanini na sita. Inabidi mtu akiwashe kwenye kisanduku." Alijisikia akisema hivyo, na papo hapo akaliona daraja lile la mbao, na msichana akiwa juu yake na bisibisi mkononi. Kwenye mizani, upande mmoja nyumba tisa za ukingoni. Upande mwingine mtoto wa mwenzake, aliyekabidhiwa yeye. "Hapana. Usiende. Yarledis, usiende huko!"

"Siendi. Unaniona mwendawazimu? Wewe si ulitufundisha, mashine hununuliwa nyingine, mtu hanunuliwi?" Vyombo vikagongana, akamwita mama yake mzazi. "Mama! Sufuria kubwa iko wapi? Ile ya supu! Usiniulize, lete!"

"Unafanya nini?"

"Napiga sufuria. Kwenye maandamano si tulipiga mpaka waziri akasikia? Hawa wa ukingoni wako hatua hamsini tu. Mama mlezi, wapigie wenzangu wa—"

Simu ikakatika.

Edelmira akawapigia wasichana wengine mmoja mmoja. Wawili walipokea. Kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale, nilikinyamazisha mimi, toka na sufuria, ukae mbali na daraja, na kila aliporudia yalizidi kuwa mazito. Watu wake ofisini walikuwa wameacha kazi wakimtazama.

Mia moja na nne. Mia moja na kumi na tisa. Kisha namba ikatoweka, ukabaki mstari mtupu.

Alikimbia bila mkoba. Vigari vya waya vinavyopandisha watu mlimani vilikuwa vimesimamishwa kwa sababu ya radi, akapanda kwa miguu, ngazi mia tatu na kitu, maji ya matope yakimshukia miguuni. Alijaribu kusali, akajikuta anahesabu nyumba badala ya kusali. Ya Rosalba ilikuwa ya kwanza kutoka darajani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo aliijua tangu utoto, na sasa alipanda akitega sikio, asisikie kilio. Hakusikia kilio. Hakusikia sufuria pia, na hilo lilimtisha zaidi.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu waliolowa. Daraja lilikuwa limesombwa na maji, na kisanduku, na jiko la nyuma la Rosalba pamoja na ukuta wake. Yarledis alisimama langoni akiita majina kutoka kwenye kikaratasi, sauti imekauka kama ya jogoo mgonjwa. Don Wílmar alikuwa bado ameshika sinia la nyama na nyundo aliyoligongea.

"Rosalba?" Edelmira akauliza. "Yarledis, Rosalba yuko wapi?"

Msichana akaonyesha kwa kidevu. Mjane alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, amejifunika taulo, picha ya mumewe mapajani. Edelmira akapiga magoti mbele yake kwenye maji.

"Nilikuomba kimya cha rozari moja, mwanangu," Rosalba akasema taratibu. "Siku mbili sikukuomba."

Alibaki amepiga magoti mpaka Yarledis alipokuja kumwinua na kumwambia kwamba watu wa nyumba zote tisa wameitika.

Jumamosi iliyofuata wasichana walikuwa wameshakaa alipoingia. King'ora kipya kilikuwa mezani, nusu kimefungwa. Edelmira akachukua chaki, akaandika ubaoni tarehe, neno KIMYA, na jina lake, na penye jina la pili akachora mstari mtupu.

"Nimebadilisha neno la siri," Yarledis akasema, bila kumtazama. "Sasa yanatakiwa mawili. La kwako halifungui peke yake. Hata la kwangu."

"Umefanya vyema."

"Si vyema, mama mlezi. Naogopa."

"Na mimi," Edelmira akasema.

Nje matone machache yakaanza kupiga bati. Wasichana wote wakageukia skrini kwa pamoja. Kipimo kipya, kilichofungwa juzi, kilisoma sentimita kumi na tisa. Hakuna aliyerudi kwenye somo mpaka matone yalipokoma.