Mkono Usioacha Alama

Kila asubuhi, kabla hatujaruhusiwa kuingia bandani, tulikaguliwa mikono. Wanawake tulijipanga mstari, nyapara akapita na kipande chembamba cha ulanga, kiangavu hata unaona vidole vyako upande wa pili. Ulibandika kiganja juu yake, ukabonyeza, ukaondoa. Yeye alikiinua kuelekea jua na kukitazama kwa jicho moja. Kikibaki na alama, hata ya kidole kimoja, basi ulikuwa na mafuta mkononi, na mwenye mafuta alirudishwa kwao.

Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni uganga. Baadaye nilielewa. Ulanga ni jiwe la kurasa. Wanaume waliuchimba kilimani kwa mitaimbo, wakatuletea mabonge tuliyoyaita vitabu, na sisi kazi yetu ilikuwa kuvibandua ukurasa kwa ukurasa kwa kisu kifupi, kukata kingo zilizovunjika, na kutenga: safi huku, wenye madoa kule, makombo nje. Mafuta yakiingia kati ya kurasa hayatoki tena. Yanatambaa ndani taratibu, na asubuhi unakuta kitabu kizima kimepata doa. Mzungu hakutaka doa. Makasha yalichukuliwa na wapagazi hadi kwenye reli, kisha Ulaya, ambako tuliambiwa ulanga unawekwa kwenye milango ya majiko ili watu wautazame moto wao bila kuungua. Nyapara alisema pia unaingia kwenye mashine za umeme. Hakuna aliyemuuliza umeme ni nini, maana naye alionekana hajui.

Mimi ni Mgogo. Kwetu siku zile mafuta hayakuwa pambo. Mtu aliyetoka nyumbani bila kujipaka alionekana kama aliyesahau nguo, na watu walimuuliza kama kuna msiba. Mimi nilikaa bandani miezi, mikono imeoshwa kwa majivu na mchanga kila alfajiri, mpaka ngozi ikapauka, ikapasuka, na kwenye mipasuko yakaingia magamba ya ulanga yasiyotoka hata kwa sindano. Nikipika, mikono ilimetameta motoni. Uzuri wenyewe ndio huo, na ulinichosha.

Sikwenda kule kwa kupenda. Mume wangu alikufa akaacha nyumba, na nyumba ilikuwa na kodi ya Wadachi, hao Wajerumani, hata kama mwenye nyumba amelala kaburini. Jumbe alitaja jina langu kwa sababu hakutaka kutaja la mdogo wake. Nikapewa kipande, ile karatasi ya kazi inayotiwa alama kila siku unayofanya, na ambayo haikulipi kitu mpaka ijae. Ukifukuzwa katikati, inachanwa. Siku zako zote zinakwenda na upepo, na nyumba yako inachukuliwa kwa kodi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwanamke wa Kirangi kutoka upande wa Kondoa, Mwislamu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi sikujua Kirangi wala yeye Kigogo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, wote wawili kwa kukiuma. Nilimwita dada. Alikuwa na ulimi. Siku nilipovunja kitabu kizuri kwa kukibandua kwa nguvu, aliokota makombo akaniambia, "Mdogo wangu, hiki ni kitabu, si kuku. Usikinyonyoe."

Kisha ilikuja habari kwamba binti yangu anaolewa.

Nilikuwa naye mmoja tu. Alikaa kwa wifi yangu, dada wa marehemu, tangu nilipochukuliwa. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wa mahari wamekubaliwa na ndugu za baba yake, na siku imepangwa. Katika ukoo wetu, msichana akitoka kwenda kwa mume, mkono wa kwanza kumpaka mafuta na udongo mwekundu lazima uwe wa mama yake. Wengine watamalizia, lakini mama ndiye anayeanza. Asipoanza mama, wanasema binti ametoka mkavu, na neno hilo humfuata. Akichelewa kuzaa, ni kwa kuwa alitoka mkavu. Mbuzi wakifa, ni yule mkavu. Nimewahi kumwona mama mtu mzima, ana wajukuu, bado anaitwa hivyo kisimani.

Nilikwenda kwa nyapara. Alikuwa mtu wa pwani, si mkatili kuliko wengine, ila alichoka kama sisi na uchovu wake aliumalizia kwetu.

"Bwana, naomba siku tatu. Binti yangu anaolewa."

"Siku tatu utapata. Lakini nawajua nyinyi na mafuta yenu. Ukirudi na mkono wenye alama, kipande nachana mbele yako. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Kimebaki siku ngapi kujaa?"

"Tisa."

"Basi fikiri vizuri," akasema, akaenda kuwagombeza wapagazi.

Nilifikiri hadi kichwa kikauma. Nisipompaka, binti yangu anatoka mkavu. Nikimpaka, nyumba aliyozaliwa inakwenda. Nilimweleza dada yangu wa Kirangi tulipokuwa tunabandua, bila kuinua macho, kwa sababu kuinua macho nako kulikatazwa.

"Mpake," alisema. "Mpake mpaka ushibe. Ukimaliza, osha kwa majivu ya moto. Halafu chukua unga wa mtama, sugua viganja, sugua katikati ya vidole. Unga unakunywa mafuta. Asubuhi ya ukaguzi sugua tena, pangusa, nenda."

"Nyapara akijua?"

"Atajua nini? Yeye anatafuta alama. Wewe usimpe alama." Akatabasamu kidogo. "Mkono mtupu haulambwi, lakini nyapara huyu ndio anaoupenda."

Akafunga unga wake mwenyewe kwenye kitambaa, viganja vitatu, akanipa. Ulikuwa chakula chake cha jioni. Nilijua hilo nikauchukua, na bado naona aibu.

Nilitembea kutwa nzima, kupitia mbugani hadi miguu haikuwa yangu tena. Nyumbani nilipokewa kwa "mbukwa" kutoka kila upande, na salamu zetu hazina haraka: utaulizwa wewe, ng'ombe, mvua, njia, na kisha wewe tena. Wifi yangu alinitazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Wifi, umepauka hivi? Kule hakuna hata mafuta ya kupaka?"

"Kuna kazi," nikasema.

Asubuhi walimketisha binti yangu juu ya ngozi ya ng'ombe, ndani, mgongo wazi. Alikuwa amekua. Niliondoka amekonda mabega, nikamkuta na mabega ya mwanamke, na sikuwapo yalipokuwa yanaota. Waliniletea mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Nilichota kwa mikono yote miwili. Harufu ile ilinipanda puani nikataka kulia, nikajizuia, kwa kuwa machozi ya mama siku hiyo wanayasema pia.

Nilianza na paji la uso. Halafu mabega. Halafu nikaushika mgongo, kutoka juu hadi chini, jinsi mama yangu alivyonishika mimi.

Nilihisi kabla hajasema kitu. Mikono yangu haikuteleza. Ilikwama. Ngozi yake ilikuwa laini, na mipasuko ya viganja vyangu, na yale magamba ya ulanga yaliyokaa ndani yake, yalimkwaruza kila nilipopita. Mistari myembamba ilitokea juu ya udongo mwekundu. Nikaongeza mafuta. Nikapunguza nguvu. Mistari ikazidi. Mmoja, karibu na bega la kushoto, ulitoa damu kidogo.

Binti yangu alivumilia. Ni mtoto wangu, alifundishwa kuvumilia. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Mama, mikono yako inanichoma."

Hakuna aliyenishutumu. Wifi yangu aliniwekea mkono begani, akasema polepole, "Umeshaanza, wifi, imetosha. Niachie." Nikasogea pembeni. Akachota mafuta kwa mikono yake laini ya mtu aliyekaa kwao, akampaka mwanangu kuanzia shingoni hadi kwenye visigino, na binti yangu akalegea, akafumba macho. Niliwatazama. Desturi ilitimizwa, na hakuna mtu hadi leo aliyewahi kumwita mkavu. Nilimshukuru wifi yangu na nilimwonea wivu mkali, yote kwa pamoja.

Walipomtoa nje, jua likampiga mgongoni, alimetameta. Wakwe walishangilia. Mama mmoja wa upande wa mume alisema hajawahi kuona bibi harusi anayeng'aa hivyo, akaniuliza tunatumia udongo wa wapi. Nilimwambia ni udongo wa kwetu. Ulikuwa ulanga, ulitoka mikononi mwangu ukabaki kwake.

Usiku ule sikunawa. Nililala na mafuta mikononi makusudi, na asubuhi nikashika njia nayo vilevile. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka nyapara aone. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyeacha alama, nikasema moyoni kipande na kichanwe, angalau kitachanwa kwa sababu nilimpaka mwanangu. Hasira hiyo ilinibeba njia yote.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mstarini. Dada yangu wa Kirangi alikuwa mbele yangu. Aligeuka akaninong'oneza, "Ulisugua unga?"

"Sikusugua."

Alinikodolea macho. "Angalau ulinawa?"

"Sikunawa."

Akatikisa kichwa, akageukia mbele. Nyapara alifika. Nilibandika kiganja cha kulia juu ya ulanga, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Nikaondoa. Nikabandika cha kushoto, nikabonyeza tena.

Alikiinua juani. Alikigeuza. Nami niliangalia pamoja naye, kwa kuwa sikuogopa tena, na niliona anga tupu, jeupe, bila hata kivuli cha kidole. Mipasuko ilikuwa imeyanywa mafuta yote njiani, na ingekunywa mengine.

"Safi," alisema. "Kumbe unasikia ukiambiwa. Pita."

Nikapita. Nilikaa mahali pangu, nikachukua kisu, nikafungua kitabu cha kwanza. Nilifanya kazi zile siku tisa, kipande kikajaa, nyumba ikabaki. Jioni ile ya kwanza nilimrudishia dada yangu unga wake ukiwa bado umefungwa kitambaani. Aliufungua akautazama, akanitazama mikono, akaelewa. Akainjika sufuria, akasonga ugali, tukaula wote wawili.