Wifi Aliyeitwa Muungano

Kaka yangu alishuka kwenye treni ya Dar es Salaam akiwa na mke wa Kiunguja, miezi michache baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Hakuwa ametuambia. Mimi ndiye niliyekwenda stesheni kumpokea, nimevaa khanga mpya, maana tangu baba afariki kaka huyo nilimhesabu kuwa wangu peke yangu. Akasema, "Mpokee wifi yako mzigo." Nikaupokea. Ulikuwa mzito, na ulinukia karafuu.

Tulipofika nyumbani, nusu ya mtaa wetu wa Gongoni ilijaa uani kwetu kumtazama. Bibi yangu alimshika mikono, akasema, "Wazee wetu walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Leo pwani imepanda treni, imetufuata. Huu ndio Muungano." Watu wakacheka, na jina likamganda. Akawa Muungano. Nikienda kisimani naulizwa, "Muungano kaamkaje?" Mimi niliamkaje, hakuna aliyetaka kujua.

Alipokosa nazi sokoni aliunga kisamvu kwa karanga, na mama akasema ana mkono mtamu; mama huyohuyo ambaye kwake chakula changu hakikuacha kuzidi chumvi. Aliwaamkia vikongwe kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ulimi ukimteleza, nao wakafurahi kama waliopewa kitenge. Mimi nilizaliwa ndani ya lugha hiyo na sikuwahi kupigiwa kigelegele.

Mwaka uliofuata kamati ya mtaa iliandaa sherehe ya Muungano. Sote tulikuwa tumeona gazetini picha ya udongo wa pande mbili ukichanganywa, na kamati ikataka tufanye vivyo hivyo uwanjani. Kuimba nilikuwa naongoza mimi, kwa hiyo nilijua na kibuyu cha udongo nitashika mimi. Mwenyekiti akaja nyumbani, akanipita mlangoni.

"Shemeji, wewe utamimina udongo wa Zanzibar," akamwambia wifi.

"Udongo wenyewe uko wapi?"

"Utapatikana."

Ulipatikana papa hapa kwetu, Itetemia, kwenye shamba la mjomba wake mwenyekiti. Nilimwona akirudi na kikapu juu ya baiskeli. Nilikwenda mbio kumwambia mama, nikidhani sasa mambo yataharibika. Mama aliendelea kupepeta mtama.

"Udongo ni udongo," akasema. "Nenda kapige pasi gauni la wifi yako."

Nikalipiga pasi. Nililipiga vizuri hata kola, kwa hasira.

Siku ya sherehe niliimba kwa sauti yote niliyojaliwa, lakini macho ya watu yalikuwa kwake. Alipoinamisha kibuyu, machozi yakamtoka. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Tazama, analia kwa furaha!"

Nilimkuta baadaye nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kaka amechuchumaa mbele yake akimfuta uso kwa leso yake. Kaka hakuwahi kunifuta machozi, hata siku ya kumzika baba.

"Miye nimedanganya watu," wifi akaniambia. "Ule si wa kwetu. Na kwetu hawanitaki tena. Mama aliapa, nikiolewa bara nisikanyage kwake."

Nilitafuta neno la kumpoza. Lililonijia ni hili: "Nchi mbili zimeungana, mama yako atashindwaje?" Akacheka huku analia, akanivuta nikae naye. Nikakaa. Kaka akatuacha, akaenda kuwahudumia wageni, na ikawa mimi ndiye niliyeshika ile leso.

Tuliishi naye miaka mitatu. Akajifungua mtoto wa kike, na habari ilipovuka bahari, mama yake akatuma mtu kusema aletewe mjukuu amwone. Kaka akaomba kazi bandarini Unguja, akaipata.

Tuliwasindikiza stesheni. Treni ilipoanza kwenda, mama yangu aliifuata hadi mwisho wa jukwaa, khanga ikimdondoka begani, akiita, "Mwanangu! Mwanangu!" Kaka alikuwa dirishani, akapunga mkono. Mama akatikisa kichwa.

"Si wewe," akapaza sauti. "Mwite mkeo!"

Niliiokota khanga ya mama, nikasimama nayo mkononi. Mimi ndiye niliyebaki, na siku ile nilitamani niwe ndani ya behewa lile, niitwe namna ile.