Ukungu Juu ya Mawe ya Marlys

Marlys Hautala aliishi chini ya nyumba ya kaka yake Curt, katika mji wa Duluth, ndani ya chumba ambacho dirisha lake lilifukiwa na theluji tangu Desemba. Mchana na usiku mwanga wake ulikuwa mmoja, wa kioo cha kompyuta. Ndani ya kioo hicho binti mfalme alikuwa amefungiwa mnarani, joka limelala mbele ya lango. Marlys alichora majalada ya vitabu vya majoka, na hili lilikuwa la sita. Binti ni yule yule, mnara ule ule.

La sita lilikuja na ahadi. Glenda, mkuu wa picha kwenye kampuni iliyochapisha vitabu hivyo, alimwambia likipita, linalofuata atachora la kwake mwenyewe: bwawa lenye viumbe alilolibeba kichwani tangu usichana. Likikataliwa, kazi anapewa mwingine. Basi Marlys akauchora mnara ule kama mtu anayechimba tundu la kutorokea. Aliikuza picha mpaka jiwe moja likajaa kioo kizima, akalitia nyufa, akalitia kuvu, akahamia jiwe la pili.

Asubuhi moja Glenda akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu picha imelala bapa kama karata, kila kitu kinapiga kelele, jicho halina pa kutua. Alitaka irekebishwe kabla ya jioni.

Curt alikuwa ameshuka kuchukua soseji za kulungu kwenye friza. Akasimama ngazini, anakodoa macho.

"Unatafuta nini?" Marlys akamuuliza.

"Huyo mtoto wa mfalme. Mmemfunga au mmemjengea ukutani?"

"Yuko dirishani pale. Vaa miwani."

"Nimevaa, bibi wee. Naona mawe tu. Mawe mazuri, sikatai."

Akapanda zake.

Marlys akaipunguza picha ikawa ndogo kama stempu. Binti hayupo kweli. Akaiondolea rangi zote, na mnara, joka na mbingu vikawa kijivu kimoja, kama uji. Alijua dawa yake, ila mkono ulikataa kuyafunika mawe yale. Mwisho akafungua tabaka jipya, kama karatasi angavu, juu ya kazi yote, akaanza kupaka ukungu wa buluu hafifu. Sehemu ya mbali ya mnara ikafifia, ya kati ikafuata. Nyufa alizozichora pua ikigusa kioo zikazama, kuvu nayo ikazama. Joka la mbele akalitia giza mpaka ukabaki mgongo tu. Akabakiza mshumaa mmoja dirishani, na uso wa binti kando yake.

Mnara ukarudi nyuma, mbali kabisa. Binti akawa peke yake. Marlys akajivutia sweta.

Jioni Glenda akapiga tena, safari hii anacheka.

"Marlys mpenzi, hii ndiyo. Wakubwa wameiangalia, wameipitisha."

"Basi lile bwawa langu..."

"Bwawa lisubiri kidogo, dada. Wanataka mfululizo wote uwe hivi. Ukungu huu, mshumaa huu, na binti huyu huyu. Nani mwingine atauweza?"

Marlys alifumbua mdomo aseme hapana, akasikia sauti yake ikisema sawa.

Simu ilipokatika akafungua ukurasa mweupe wa jalada la saba. Hakuanza na mnara wala na binti. Alianza na ukungu, akaupaka kutoka ukingo mpaka ukingo.